Hesabu za Mwenyeji

Kwenye ratiba ya mkutano, mstari mfupi kuliko yote ni ule unaosema: saa 4:30 hadi 5:00, chai. Mjumbe huusoma akafurahi na kuendelea. Mratibu huusoma kama mtihani.

Tuseme ukumbini wamo watu 600. Milango ikifunguliwa watatoka wote kwa pamoja, na kila mmoja ana haja tatu ndani ya nusu saa: kwenda msalani, kupata kikombe, na kumuwahi yule mtu aliyemwona amekaa safu ya tatu. Ukitoa muda wa kutoka na wa kurudi, zinabaki kama dakika 15 za kumimina chai. Mhudumu mzoefu akimaliza na mtu mmoja kwa sekunde 10, kwa dakika atahudumia watu 6, na kwa dakika 15 atahudumia 90. Meza moja haitoshi, wala tatu hazitoshi. Zinatakiwa 7, tena zisirundikwe mlangoni, maana wa kwanza kutoka wataziba njia na wa mwisho watarudi ukumbini mikono mitupu.

Mratibu hodari haishii hapo. Sukari, vijiko na vikorombwezo vingine haviweki kando ya chupa ya chai. Anaviweka kwenye meza yake, hatua kadhaa mbele, ili anayekoroga asimzuie anayekinga. Meza ya sambusa na vitumbua anaivuta kutoka ukutani, watu wachukue kwa pande zote mbili. Chai ya rangi na ya maziwa anaziandikia vibao vya herufi kubwa, kwa kuwa mtu mmoja akisimama kuuliza hii ni ipi, watu ishirini nyuma yake wamesimama naye. Kisha anatandaza meza ndefu za kusimamia mbali na foleni, kusudi mazungumzo yapate pa kutua. Mwenye korosho zake aliyepanda basi usiku kucha kutoka Mtwara amefuata mazungumzo hayo. Mada angeweza kutumiwa akazisoma nyumbani. Alichofuata ni dakika kumi na mnunuzi, na dakika hizo amezipata kwa sababu kuna mtu aliyekaa akahesabu vikombe.

Nimeingia kwenye mikutano na maonyesho mengi kwa kazi ya uandishi, na kadiri ninavyowatazama watu hawa ndivyo ninavyozidi kuwastahi. Tunasema shughuli ni watu. Waratibu wamelibeba neno hilo mpaka kwenye sekunde na mita: kila hesabu wanayopiga ina mtu mwishoni, mtu asiyesimama juani, asiyeitwa kwa jina lisilo lake, asiyekosa kusikia. Ukarimu wetu wa kumpokea mgeni mmoja nyumbani wanaufanya kwa mamia kwa siku moja, na hakuna namna ya kuufanya hivyo pasipo kalamu na karatasi.

Kazi huanzia kwenye kalenda, miezi mingi kabla. Mratibu wa Afrika Mashariki anayeijua kazi yake huutazama mwezi kabla ya kutaja tarehe. Idd husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, na siku yenyewe hujulikana mwezi ukiandama, kwa hiyo mwenye busara huacha nafasi kabla na baada yake. Mkutano ukiangukia ndani ya Ramadhani, ratiba nzima inageuka: vikao vinamalizika mapema na jikoni wanaandaa futari. Kama mgeni rasmi ni waziri wa Tanzania, anakumbuka kwamba kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti liko Dodoma. Kama mkutano ni wa Arusha, anajua kwamba Julai na Agosti watalii wamejaa, na vyumba ambavyo hakuvishika mapema atavipata kwa bei ya kuumiza au asivipate kabisa. Na kama kuna mahema ya nje, anaiogopa masika. Mtu akisikia tarehe imetangazwa huona ni tarehe tu. Nyuma yake kuna tarehe nyingine nyingi zilizopimwa zikakataliwa.

Miji yetu imejifunza kazi hii kwa muda mrefu. Nairobi ilifungua jumba la KICC mwaka 1973, na mwaka huohuo ikapokea mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, wa kwanza kufanyika Afrika. Arusha ilirithi jengo. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalibaki bila mwenyewe Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata yakapewa kazi ya kukodisha kumbi na kupokea mikutano. Ndiyo AICC, yenye majengo yake matatu ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Katika mji huo ndipo Makubaliano ya Amani ya Burundi yalipotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, baada ya mazungumzo yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere mpaka alipofariki Oktoba 1999, na baada yake Nelson Mandela. Pande zilikuwa 19, na kazi iligawanywa kwa kamati tano. Msomaji wa historia huona hapo majina ya wakubwa. Mimi huona pia vyumba, meza, karatasi za Kifaransa na Kiingereza zinazotakiwa asubuhi, na swali la nani akae wapi.

Swali hilo la viti si dogo. Kwa watu waliokosana, kiti ni kauli. Nani yuko karibu na mwenyekiti, nani amepewa mgongo, nani ameingia mlango upi: yote yanasomwa. Dawa inayotumika sana ni kukabidhi uamuzi kwa kitu kisicho na upande. Kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa hupigwa kura ya bahati nasibu kila mwaka kupata nchi itakayokaa kiti cha kwanza, na nyingine zote hufuata kwa alfabeti ya Kiingereza. Hakuna wa kununa, kwa kuwa hakuna aliyempanga mwenzake. Nimependa sana akili iliyomo humo: ugomvi ambao ungekula siku nzima umemalizwa kwa karatasi iliyokunjwa.

Huku kwetu ipo itifaki ya meza kuu, nayo ina mafundi wake. Msemaji anaposimama, akataja wachache, kisha akasema itifaki imezingatiwa, ukumbi mzima unapumua. Lakini ili aseme hivyo kwa amani, usiku uliotangulia kuna mtu aliyeandika orodha ya wageni na vyeo vyao, akapiga simu kuhakikisha nani anakuja mwenyewe na nani anatuma mwakilishi, akaondoa kiti kimoja saa sita usiku na kuongeza viwili alfajiri, na kubadilisha vibao vya majina mara zote hizo. Mshereheshaji amekabidhiwa karatasi ya mwisho dakika chache kabla ya kushika kipaza sauti. Jina la mkubwa aliyehamishwa wizara wiki iliyopita limeandikwa na wizara yake mpya.

Kwenye meza ya usajili utakuta ustadi huo umewekwa ndani ya kitu kidogo kabisa, beji. Kitazame kwa karibu kile cha mratibu mzuri. Jina ni kubwa kiasi cha kusomeka na mtu aliyesimama hatua mbili mbele, maana anayekutana nawe asilazimike kuinamia kifua chako. Taasisi na mji unaotoka vimefuata chini yake kwa herufi ndogo. Na jina limechapwa pande zote mbili, kwa sababu beji iliyoning'inia kwenye kamba hugeuka, na siku nzima ingeonyesha mgongo mweupe. Mwingine huchapa ratiba ya siku kwenye kadi ya ndani, na kuichapa juu chini, ili mwenye beji akiinua kuitazama maandishi yamwelekee yeye. Hayo yote kwenye kipande cha karatasi ngumu kitakachotupwa jioni.

Kisha kuna lugha. Nyuma ya ukumbi, ndani ya vibanda vya vioo, wanakaa wakalimani wa papo kwa papo, wawili wawili, wakipokezana kila baada ya nusu saa hivi kwa sababu akili ya mtu haihimili zaidi ya hapo. Anayepumzika hapumziki: anamwandikia mwenzake tarakimu na majina kwenye karatasi, kwa kuwa tarakimu ndizo zinazoponyoka kwanza. Mratibu ndiye anayewawezesha. Anawaomba watoa mada hotuba zao mapema, na akinyimwa anaomba tena. Anakiweka kibanda mahali ambapo mkalimani anamwona msemaji usoni na kuiona skrini. Anatandaza ukumbini vijana wenye vipaza sauti, na kuwafundisha wawahi kabla muulizaji hajafungua kinywa, kwani anayeuliza bila kipaza sauti, hata akipaza sauti namna gani, kwa wenye vifaa masikioni hajasema kitu.

Mwezi Agosti 2019, wakuu wa nchi za SADC walipokutana Dar es Salaam, Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini uamuzi kama huo hauishi kwenye makofi. Unazaa kibanda kingine, jozi nyingine ya wakalimani, chaneli nyingine kwenye kifaa cha kusikilizia, tafsiri nyingine ya kila kabrasha. Lugha yetu inasikika kwenye meza ya wakubwa siku ile mratibu anapoipatia waya na umeme.

Maonyesho yana elimu yake. Chukua Sabasaba, kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, ambako kila mwaka kuanzia tarehe 28 Juni mji mdogo unasimama na kujaa watu. Mwaka 2025 yalikuwa maonyesho ya 49. Mwenye kupanga maonyesho huanza na ramani ya mabanda, na banda la kawaida ndani ya jengo ni mita 3 kwa 3. Kwenye ramani anaandika yale ambayo mtazamaji hatayaona: nani anahitaji maji, nani anahitaji umeme wa nguvu, nani atapiga muziki na kwa hiyo asiwe jirani wa anayetaka kuzungumza mikataba kwa sauti ya chini. Vyakula anavipeleka mwisho wa njia, ili mwenye njaa apite kwa wauza vitenge, asali na samani kabla hajafika kwenye chipsi.

Utaratibu wa kuingiza mizigo ndio unaonivutia zaidi. Matrekta na mashine nzito huingia kwanza kabisa, njia zikiwa bado wazi, kwa kuwa banda la mbele likishasimamishwa mashine ya nyuma haipiti tena. Wenye vitambaa na sabuni huingia mwisho, na kwa makabati mepesi. Siku ya kufunga inageuzwa: wepesi wanatoka kwanza, wazito wanasubiri zamu. Kwenye karatasi kila mwonyeshaji ana saa yake ya lango. Mpangaji akikosea mpangilio wa malori mawili tu, asubuhi nzima ya wengine imekwama getini.

Hata hivyo, mpango mzuri ni ule unaokubali kuvunjika. Mgeni rasmi amechelewa kwa saa nzima: msafara uko njiani, wajumbe wameshakaa. Mratibu asiyejiandaa anawaacha watu 600 wakitazama jukwaa tupu. Mwenye uzoefu alishapanga tangu wiki iliyopita mada moja isiyohitaji uwepo wa mkubwa, na mtoa mada wake amekaa mbele, yuko tayari. Anasogea kwa mshereheshaji, ananong'ona sentensi moja, mada inaanza. Saa iliyopotea inarudishwa kidogo kidogo: dakika tano za maswali huku, kumi za chakula kule, utangulizi mmoja uliofupishwa kwa adabu. Jioni watu wanaondoka kwa wakati, na dhifa haijapoa.

Nikitaka kujua kama mkutano umeandaliwa na fundi, sitazami jukwaa. Nauliza kama kuna njia ya kiti cha magurudumu inayofika mpaka meza kuu, isije ikawa mtu amealikwa kuzungumza kisha akabebwa kama mzigo. Nauliza kama mama anayenyonyesha ana chumba chenye mlango, kama mwenye kisukari amepata chakula chake, kama anayeswali anajua kibla kiko upande gani. Mwisho natoka nje kwenye maegesho. Kila mkubwa aliyeingia ukumbini ameacha dereva chini ya mti, na dereva huyo ameamka kabla ya bosi wake na atalala baada yake. Kwa mratibu mzuri, madereva wamo kwenye hesabu ya chakula tangu rasimu ya kwanza ya bajeti, wana kivuli, maji na choo, na wanajua kikao kinaisha saa ngapi.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa taasisi, vyama na kampuni zinazopanga kukutana mwaka huu: muiteni mratibu siku wazo linapozaliwa, kabla ya tarehe na kabla ya kadi, maana makosa mengi ya siku ya mkutano yalikwishafanyika kwenye kikao kile cha kwanza ambacho yeye hakuitwa. Mlipeni kwa kadiri ya kichwa anachotumia. Na mnapofika kwenye neno la shukrani, baada ya mgeni rasmi na wafadhili, mtajeni kwa jina lake kamili, yeye na timu yake, wasimame watu wawaone.