Fundi Asiyekimbilia Kupiga Windows

Mwalimu alifika na laptopu, hukumu ameshaikata. "Fundi, jana nimeipandisha Windows 11, leo imegoma kuwaka. Nipigie Windows upya tu, niwahi."

"Shikamoo mwalimu," fundi akasema. "Umeme ulikatika?"

Kibanda kiko Sanje, kando ya barabara ya Kidatu kwenda Ifakara, na mafundi wengi wangetii. Kupiga Windows ni kazi fupi, bei yake inajulikana, mteja anaondoka na mashine inayowaka. Akifika nyumbani ndipo anapogundua kwamba matokeo ya mitihani ya muhula mzima hayapo.

Ndiyo, umeme ulikatika usiku, ingawa mitambo ya umeme ya Kidatu, megawati 204, iko hapo jirani. Betri ya laptopu ilishakufa zamani, kwa hiyo mashine ilizimika papo hapo.

Fundi akaiwasha. Nembo ya kampuni ikatokea, kisha maandishi meupe: hakuna diski ya kuwashia. Mwalimu aliguna. Fundi alifurahi, maana nembo ile kwake ni ushahidi. Mazabodi inafanya kazi, ramu inasomeka, kioo ni kizima. Kilichobaki ni makabidhiano: bayosi, ile programu ndogo iliyo ndani ya mazabodi, huamka kwanza, hukagua vifaa, halafu huiachia kazi Windows iliyo kwenye diski. Hapo ndipo mambo yalipokwama.

Akachomoa kila kilichochomekwa, hata flashi, maana zipo mashine zinazong'ang'ania kuwakia kwenye flashi tupu. Akaingia kwenye bayosi. Diski inaonekana, jina lake lipo. Macho yake yakaganda kwenye saa: Januari 2012.

Kwenye mazabodi nyingi kuna kibetri bapa mfano wa sarafu, CR2032, kinachotunza saa na mipangilio wakati mashine haina umeme kabisa. Kikiisha, mara nyingi mipangilio hurudi ya kiwandani. Windows ya mwalimu ilikuwa imewekwa kwa mtindo mpya wa kuwasha, UEFI; bayosi ikarudi kuitafuta kwa mtindo wa zamani, isiione.

Jibu alishalipata, na angeweza kubadili mpangilio mmoja akamaliza. Hakugusa. Aliwasha kwanza kwa flashi yenye Ubuntu, akanakili mafaili yote kwenye diski ya nje, akamwonyesha mwalimu matokeo yake. Ndipo akachukua bisibisi, akaweka kibetri kipya, akarudisha UEFI. Windows ikawaka. Isingewaka, angetengeneza mafaili ya kuwashia, kisha angejaribu kurudi Windows 10, jambo linalowezekana siku kumi za mwanzo. Kupiga upya kungekuwa mwisho kabisa.

Kesi hizi za kupandisha Windows hazitakwisha leo. Windows 10 ilifikia ukomo wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo laptopu nyingi za zamani hazina. Watu wanaipitisha kwa mlango wa nyuma, na fundi hawagombezi.

Mwalimu alinung'unika kwamba kibetri chenyewe ni bei ya soda. Ni kweli, lakini hakulipia kibetri. Ukimpata fundi wa namna hii, mpelekee na chaja, mwambie ukweli kuhusu umeme, na umlipe kwa kutafuta, siyo kwa kifaa alichobadilisha.