Haki ya Kuiumba Mandhari: Ngano za Kagera na Michezo ya Uigizaji kwa Maandishi

Katika mchezo wa uigizaji unaochezwa kwa maandishi mtandaoni, mhusika hana ardhi ya kukanyaga mpaka mtu aiandike. Mchezaji akiandika kwamba mhusika wake ameinama, ameokota jiwe na kumrushia adui, wenzake hukabiliwa na swali zito: jiwe hilo lilikuwapo, au limeumbwa na mkono uliolihitaji? Ni rahisi kulichukua suala hili kuwa la kiasi, yaani mchezaji apewe uhuru mwingi au mdogo wa kueleza mazingira. Uhakiki huu unadai kwamba swali hilo limeulizwa vibaya. Utambaji wa ngano magharibi mwa Ziwa Viktoria unadokeza swali lililo bora: ni nani aliyekubali kuona kinachoelezwa?

Ngano za Wahaya alizozichapisha Peter Seitel mwaka 1980 zilipewa jina linalotokana na kiitikio cha hadhira. Mtambaji hutangaza kwamba alikuja, akaona. Hadhira nayo humtaka aone ili wao pia wapate kuona. Mabadilishano haya mara nyingi huhesabiwa kuwa fomula ya ufunguzi tu, kisha mhakiki akakimbilia dhamira. Hapo hupotea jambo kubwa. Mtambaji hajitambulishi kuwa muumbaji wa mahali bali shahidi wake. Uwezo wake wa kutaja mto, kichaka au nyumba ya mfalme unatokana na amri ya wasikilizaji, na amri hiyo ina sharti: aone kwa namna itakayowawezesha wengine kuona. Maelezo yanayomnufaisha msemaji peke yake, huku yakiwaacha wengine gizani, yamekiuka mkataba hata kama lugha yake ni tamu.

Kitendawili cha Kiswahili kina mkataba wa aina nyingine. Hadhira ikishindwa kufumbua, mtegaji hudai mji. Akishapewa, hueleza alivyofika huko na alivyopokewa, ndipo atoe jibu. Hapa haki ya kueleza mahali ni tuzo, nayo hutolewa na walioshindwa. Hata hivyo, haki hiyo haidumu: zamu ikiisha, mji hurudi kwa wote, na kesho mtegaji mwingine aweza kuupewa na kuueleza kwa namna tofauti kabisa.

Historia ya michezo ya maandishi katika kompyuta inaonyesha njia nyingine. Katika MUD1, iliyoanzishwa na Roy Trubshaw na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, maelezo ya kila mahali yaliandikwa na waundaji. Mchezaji aliyapitia tu. TinyMUD ya mwaka 1989 iliwaruhusu wachezaji kujenga vyumba vyao na kuvieleza. LambdaMOO, iliyofunguliwa na Pavel Curtis mwaka 1990, ilikwenda mbali zaidi, lakini ilifunga haki hiyo kwenye umiliki: kila kitu kina mwenyewe, na ni mwenyewe (au msimamizi wa mfumo) anayeweza kubadili maelezo yake. Ni mji wa kitendawili uliogeuzwa kuwa hatimiliki. Suluhisho hili linapunguza ugomvi, lakini linageuza mandhari kuwa viwanja vilivyozungushiwa ua, na mgeni katika chumba cha mwenzake hana neno.

Hata hivyo, mlinganisho na ngano una mpaka. Msikilizaji wa ngano hawezi kuliokota jiwe lililotajwa na mtambaji na kumpiga nalo shujaa. Mchezaji anaweza. Katika mchezo, kueleza ni kutenda: anayeandika dirisha amejipatia njia ya kutorokea. Tofauti hii haiudhoofishi mkataba wa ngano. Inauongezea uzito, kwa kuwa idhini ya wenzake ndiyo pekee inayotenganisha mandhari na hila.

Kwa nadharia ya fasihi simulizi, athari yake si ndogo. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliliweka mahali pamoja na fanani, hadhira, fani, tukio na wakati miongoni mwa mambo yanayofungamana katika utendaji. Mahali hapo ni pale tukio linapotendeka. Katika mchezo wa mtandaoni, wachezaji wametawanyika, na mahali pa kutendea panakaribia kumezwa na mahali panapoelezwa. Kigezo hicho hakina budi kupanuliwa, la sivyo tanzu za namna hii zitaonekana kama hazina mahali kabisa.

Isingiro, katika nchi ya Wanyambo ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kihaya, inafaa kuupima upanuzi huo. Tuseme mtambaji anaiweka ngano yake kwenye vilima na migomba ya hapo hapo, mbele ya watu wanaoijua kila njia iendayo mtoni. Akitaja kivuko pasipo na kivuko, wasikilizaji wana la kusema, maana wao walikwisha kuona kabla yake. Hadhira ya wageni ingekiona kivuko hicho bila swali. Mhakiki anayeisoma ngano hiyo kitabuni, ambamo viitikio vya hadhira vimeondolewa ili kuokoa nafasi, hana njia ya kujua ni hadhira ipi kati ya hizo mbili iliyokubali kivuko hicho kiwepo.