Uso Kwanza, Shela Baadaye

Watu wengi wanaamini kwamba kamera ikiwa ya bei kubwa, picha nayo itakuwa nzuri. Mimi siafiki. Tangu nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu nimealikwa kwenye harusi nyingi za waliokuwa wanachuo wangu, na baada ya kila harusi nimekuwa nikiletewa albamu niitazame. Siku hizi huletewa simu. Nimezitazama picha hizo kwa makini ya mtu aliyezoea kusahihisha madaftari, na nimefikia uamuzi ambao huenda usiwafurahishe vijana wa fani hiyo: vyombo vimesonga mbele, lakini picha ya mtu imerudi nyuma.

Ili nisionekane mzee anayesifu ya kale kwa kuwa ni ya kale tu, nitataja kipimo ninachotumia. Ni kazi ya Seydou Keïta, mpiga picha wa mji wa Bamako nchini Mali, aliyezaliwa mnamo 1921 na kufariki mwaka 2001. Alikuwa seremala kabla ya kuwa mpiga picha. Mwaka 1948 alifungua studio, akawapiga picha watu wa mji wake hadi mapema miaka ya 1960 alipochukuliwa kufanya kazi ya serikali. Picha zake zilionyeshwa New York mwaka 1991 bila hata jina lake kujulikana; mwaka 1994 zikapewa maonyesho yake mwenyewe mjini Paris. Afrika Mashariki nako hakukukosa studio za kujivunia. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930. Lakini nimemchagua Keïta kwa sababu vifaa vyake vilikuwa vichache, na kwa hiyo ni rahisi kutenganisha kazi ya kifaa na kazi ya jicho.

Tuanze na mwanga. Keïta alifanya kazi zaidi kwa mwanga wa jua, uani, huku ametundika kitambaa nyuma ya mteja. Kitambaa chake cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani kwake, lenye matamvua. Kamera yake ilikuwa kubwa, ya negativu za sentimita 13 kwa 18, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Mtu anayepiga mara moja hulazimika kutazama kwanza. Ukizichunguza picha zake utaona kuwa katika nyingi mwanga unaugusa uso kwa upole, upande mmoja ukiwa angavu kuliko wa pili, na kile kivuli chepesi ndicho kinachouonyesha mfupa wa shavu na kina cha jicho.

Jambo hilo si geni kwa mwalimu. Chuoni tuliwafundisha wanachuo kwamba madawati yapangwe dirisha likiwa kushoto kwa mwanafunzi, ili mkono wa kulia unaoandika usitie kivuli daftarini. Mwanga una upande unakotoka, na anayeutumia hana budi kuujua upande huo.

Harusini leo mambo ni kinyume. Flashi imekaa juu ya kamera, inaumulika uso kutoka mbele. Mwanga wa namna hiyo hufuta kivuli, na kivuli kikifutika, pua, mashavu na paji la uso huwa kitu kimoja bapa. Poda na jasho hung'aa kama bati jipya. Tena mwanga wa flashi hupungua haraka: umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaofika ni robo tu. Ndiyo maana bibi harusi aliye mita mbili kutoka kwenye kamera hupauka, na mama yake aliyesimama nyuma, mita nne, huonekana kama mtu anayepita gizani.

Shela nalo lina hila yake. Kamera inapojipimia mwanga hudhani kwamba kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, kama rangi ya kijivu. Ikikuta shela jeupe limeijaza picha, hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Matokeo yake ushonaji wa kitambaa unaonekana hadi uzi, huku uso mweusi wa mwenye shela umezama. Fundi anayejua kazi hupima uso kwanza, kisha hutafuta namna ya kulilinda shela. Picha nyingi nilizoletewa zimepimwa shela, na uso umepewa makombo.

Zamani kulikuwa na udhuru. Filamu za rangi za Kodak zilisanifiwa na kusafishwa kwa kulinganishwa na kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ambayo mafundi waliiita kadi ya Shirley. Ngozi nyeusi haikuwamo katika hesabu hiyo. Kamera za leo hunasa weusi wa ngozi kwa daraja nyingi ambazo filamu zile hazikuzinasa. Udhuru huo haupo tena, lakini mazoea yamebaki.

Sasa nije kwenye mkao, au pozi kama vijana wasemavyo. Keïta hakuwaacha wateja wakae wapendavyo. Aliwageuza ubavu kidogo, akaipanga mikono, akalitandaza gauni ili nakshi zake zionekane. Katika picha yake moja mashuhuri kijana aliyevaa suti nyeupe na miwani mizito ameshika ua moja mbele ya kifua. Mtu mwingine angechekesha kwa mkao huo. Yeye amekuwa mtu wa heshima, na ukimtazama unatamani kujua jina lake.

Msomaji makini ataniuliza: je, si Keïta huyo huyo aliyekuwa akiwaazima wateja suti, saa, kalamu, redio, hata pikipiki ya Vespa? Kuna tofauti gani kati ya uongo wake na wa vijana wa leo wanaomlaza bibi harusi juu ya boneti ya gari la kukodi? Swali hilo ni la haki. Nalijibu hivi: mteja aliyeazima redio alikuwa anasema yeye mwenyewe anataka kuonekana nani. Aliichagua, akaikumbatia, na mwili wake ulikubaliana nayo. Bibi harusi wa leo mara nyingi husemewa. Amefundwa na somo wake kuinamisha macho, kisha mbele ya kamera anaamriwa acheke, ainue kidevu, ajipinde mgongo mkononi mwa mume ambaye naye hajui amshike wapi. Wako mabinti wanaopenda kucheka na kujipinda, na hao wapigwe hivyo hivyo. Ninachokilaumu ni mkao mmoja kuvalishwa watu wote, kama sare ya shule.

Haki nayo isemwe kwa wapiga picha. Sisi wenye shughuli tunawapa dakika kumi kati ya ibada na ukumbi, saa saba mchana, jua la utosi linapoyageuza macho kuwa mashimo. Kamati ya harusi hugawa fedha kwa mapambo, muziki na keki, na mpiga picha hukumbukwa mwisho. Halafu tunataka miujiza.

Na hasara yake huonekana baada ya miaka. Nimekaa kwenye misiba ambako ndugu walihitaji picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza. Katika msiba mmoja nilimwona kijana akipekua mamia ya picha za harusi ya dada yake akimtafuta mama yao. Alimpata pembeni, nusu ya uso, ameshika sahani. Akampata tena nyuma ya keki, mweusi tii asiyetambulika. Hatimaye ikakuzwa ile ya kitambulisho. Mama yule alihudhuria harusi hiyo kutwa nzima, amevaa vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazazi wanaoandaa harusi ni dogo. Kabla watu hawajaondoka nyumbani, mpeni mpiga picha nusu saa barazani, asubuhi au alasiri. Mwambieni azime flashi. Kiti kiwekwe hatua moja ndani ya kivuli, mwanga uingie kutoka ubavuni, na mtu ashike shuka jeupe upande wa pili ili lirudishe mwanga kidogo usoni. Aanze bibi, kwa kuwa ndiye atakayechoka kwanza, kisha wazazi, kisha bibi harusi mwenyewe. Kila mmoja aulizwe angependa kukaaje na kushika nini. Bibi akitaka kushika mkoba wake mtupu, aachwe aushike.