Mkono Ndani ya Maji

Ua humpotosha mgeni wa bwawa. Yungiyungi la samawati litamwita, atalipiga picha, ataondoka akidhani bwawa ameliona. Fundi wa kutambua mimea ya majini hufika na buti za mpira, maana konokono wa kichocho hupenda mimea hiyo hiyo, kisha huanza na vidole. Bua la mafunjo lina pembe tatu. La tete ni mviringo, tena tupu ndani. Ceratophyllum, mmea wa chini ya maji usio na mzizi hata mmoja, hukwaruza mkono. Myriophyllum, unaofanana nao kwa mbali, ni laini. Hata yungiyungi hupimwa kwa jani: lile jeupe lifungualo usiku, Nymphaea lotus, lina meno makali ukingoni, la samawati halina. Na ule utando wa kijani tunaoufagia kando kama uchafu? Pindua kijimea kimoja. Mzizi mmoja, ni Lemna. Mizizi kadhaa, ni Spirodela. Bila mzizi, ni Wolffia, miongoni mwa mimea midogo kabisa duniani itoayo maua.

Anayeuona huu kuwa mchezo wa wenye nafasi na asikie habari za Kariba. Bwawa hilo la mto Zambezi lilianza kujaa mwishoni mwa 1958. Kufikia 1962 gugu liitwalo salvinia lilikuwa limetanda juu ya kilomita za mraba zipatazo 1,000. Wataalamu waliliita Salvinia auriculata, wakaleta wadudu waliozoea kuila auriculata kwao Amerika. Wadudu hawakulimaliza. Mwaka 1972 mtaalamu wa mimea D. S. Mitchell alionyesha kuwa gugu lile ni jamii nyingine, akaiita Salvinia molesta. Hapo ndipo watu walipojua waende kutafuta wapi: mwaka 1978 asili yake ilipatikana kusini-mashariki mwa Brazili, pamoja na fukusi mdogo alaye vichipukizi vyake. Alipoachiwa katika Ziwa Moondarra, Australia, mwaka 1980, gugu liliangamia kwa mwaka mmoja na ushei. (Fukusi naye alikuwa akitumia jina la jamaa yake; la kwake alilipata 1985.)

Miaka yote hiyo ilipotea kwa sababu tofauti ya jamii hizo mbili imo katika vifuko vya spora vinavyoning'inia chini ya maji, mahali ambapo macho hayafiki.

Zana za kazi ni za bei ndogo: kisu, lenzi, magazeti makuukuu, beseni jeupe. Beseni ndilo nilipendalo. Mmea laini ukitolewa majini hugeuka bonge lisilotambulika; urudishe katika maji ya beseni, ujitandaze wenyewe, pitisha karatasi chini yake, inua taratibu. Kisha andika kwa penseli, si wino: mahali, tarehe, kina cha maji, na rangi ya ua kabla haijafifia.