Sifuri ya Aliyecheza

Daftari lenyewe ni la kawaida, la jalada gumu, mistari imepigwa kwa rula na kalamu ya bluu. Majina yameshuka upande wa kushoto, wiki zimepangwa juu. Mgeni akilifungua, macho yake hukimbilia mabao: 4, 3, 5, 2. Mimi nimejifunza kulisoma pale ambapo hapana bao hata moja, kwa sababu ufundi wa mwenye daftari uko hapo.

Ukumbi wa gemu uko Kisenyi, Kampala, upande wa viwanda vya kusaga mahindi, ambako vumbi la unga hutulia juu ya mabati, juu ya pikipiki na juu ya nyusi za wapakiaji. Vijana huja hapa baada ya kazi, hulipia muda, hushika padi na kucheza mpira kwenye skrini. Kuna wa mashine za unga, wa stendi ya mabasi, wa maduka ya Wasomali, wa vyuma chakavu. Kiganda, Kisomali na Kiswahili huingiliana humo bila mtu kuomba tafsiri. Wana ligi yao: kila timu huleta watu wanne, kila mmoja hucheza mechi moja na mpinzani wake, na mabao ya wote wanne hujumlishwa kuwa ya timu. Kijana anayeandika matokeo wanamwita Katibu, na jina hilo hulitamka kwa heshima ambayo hata mfungaji bora hapewi.

Katika daftari la Katibu, 0 ina maana moja tu: mtu alikaa kitini, alicheza mechi mpaka mwisho, hakufunga. Kistari kina maana kwamba hakucheza. Herufi k ni ya mechi iliyokatika, kwa kawaida kwa sababu umeme umezimika kabla ya dakika 90 za kwenye skrini kutimia. Na kisanduku kitupu? Hicho ndicho kilichonifanya nimwangalie mtu huyu kwa makini zaidi. Watu wengi wanaotunza rekodi huacha nafasi tupu kwa asiyekuwepo, wakidhani utupu utajieleza. Yeye haachi. Kisanduku kitupu kwake ni deni: kuna jambo halijaulizwa. Kabla ya kufunga ukumbi hupitisha kidole safu nzima, na akikuta pengo humtafuta mhusika, au humpigia simu, mpaka pengo lipate alama yake. Matokeo yake ni kwamba miezi mitatu baadaye hakuna mtu anayelazimika kubuni lile pengo lilikuwa na maana gani.

Tena huandika sifuri papo hapo, mechi inapoisha, padi zikiwa bado zina joto la mikono. Nimeona ligi nyingine ambako mabao huandikwa yanapofungwa, halafu mwisho wa usiku mtu hujaza sifuri kila palipobaki. Kazi hiyo huisha haraka, na daftari hupendeza. Ila kuanzia usiku huo hakuna awezaye kumtenganisha aliyepigana akakosa na yule aliyekuwa kwao Masaka kwenye msiba. Sifuri ni ushahidi, nao humhitaji mtu aliyekuwa anatazama.

Ugumu wa kweli unakuja pale timu inapofika na watu watatu. Kanuni yao ni ya ushindi wa mezani: timu iliyokamilika hupewa mabao 3, iliyopungukiwa hupata 0. Hapo Katibu huandika mambo mawili yanayoonekana kupingana. Kwenye ukurasa wa timu, ile iliyopungukiwa inapata sifuri halisi, kwa kuwa timu ilikuwepo, ilitakiwa kuleta mtu, ikashindwa. Kwenye ukurasa wa wachezaji, yule ambaye hakuja anapata kistari. Na mpinzani wake, aliyekuja akakaa akimsubiri mtu asiyetokea, naye anapata kistari, chenye nukta juu yake kuonyesha kwamba alifika. Yale mabao 3 hayaingii kwenye jina lake, kwa sababu hakuyafunga.

Sasa jumlisha. Timu ina mabao 11, lakini wachezaji wake wakihesabiwa mmoja mmoja wana 8. Mtu mwenye haraka atasema Katibu amekosea hesabu, au ameficha mabao ya watu. Chini ya kila ukurasa, hata hivyo, kuna mstari ulioandikwa “mezani”, na kwenye mstari huo kuna 3. Nane na tatu, kumi na moja. Hakufundishwa uhasibu popote. Aliona tu kwamba hesabu mbili za kweli zinaweza kutofautiana, na kwamba tofauti yao nayo inastahili kuandikwa. Naupenda mstari huo kuliko ukurasa wowote wa mabao.

Siku moja kijana wa stendi, aliyekosa wiki mbili kwa sababu mabasi yalijaa abiria wa Idi, aliinama juu ya daftari akasema, “Katibu, niwekee ziro tu, yaishe.” Katibu hakuinua kichwa. “Ziro ni ya aliyecheza, ssebo. Wewe hukucheza.”

Kijana yule alidhani anajinyenyekeza. Tuseme amefunga mabao 12 katika mechi 4: wastani wake ni mabao 3 kwa mechi. Mpe sifuri mbili za wiki alizokosa, na wastani unashuka hadi 2, kana kwamba mikono yake imepoteza ustadi kwa kuwa alikuwa anapakia mizigo. Geuza sasa uangalie safu ya mabao aliyofungwa. Huko sifuri ni sifa, na asiyekuja akiandikiwa 0 atakuwa mlinzi bora wa ligi nzima bila kugusa padi. Sifuri isiyochumwa humdhulumu mtu kwenye safu moja na kumpendelea kwenye nyingine, yote kwa kalamu ileile.

Kistari nacho kina hila zake. Mchezaji mjanja anaweza kukwepa wiki za wapinzani wakali ili wastani wake ubaki juu. Kwa hiyo Katibu haandiki wastani bila kuweka idadi ya mechi pembeni, na ili mtu ashindanie ufungaji bora lazima awe amecheza theluthi mbili ya mechi zote. Ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, ina sharti la aina hiyo: kwa kawaida mtu hushindania wastani wa juu wa pointi akiwa amecheza angalau mechi 58 kati ya 82.

Hakuna mchezo uliolichukulia jambo hili kwa uzito kama kriketi, na hakuna mfano ulio wazi kama wa Don Bradman wa Australia. Mwaka 1938, kwenye uwanja wa The Oval jijini London, Uingereza ilipofikisha mikimbio 903, Bradman aliumia kifundo cha mguu akirusha mpira. Hakupiga katika raundi yoyote ya mechi ile. Kitabu cha matokeo kikaandika kwamba hayupo, ameumia. Miaka kumi baadaye, Agosti 1948, alirudi kwenye uwanja uleule kwa mechi yake ya mwisho ya kimataifa akihitaji mikimbio 4 tu ili wastani wake wa maisha ufike 100. Mrushaji wa Uingereza, Eric Hollies, akamtoa kwa mpira wa pili. Kitabu kikaandika 0. Mikimbio 6,996 ikagawanywa kwa mara 70 alizotolewa, ikawa 99.94, tarakimu ambayo mashabiki wa kriketi huijua kwa moyo. Kama mwandishi mwenye huruma angeigeuza ile sifuri ya 1948 kuwa kistari, wastani ungekuwa 101.39. Kama mwandishi mzembe angeugeuza ule utupu wa 1938 kuwa sifuri mbili, ungeshuka hadi 97.17. Ile 99.94 imesimama kwa sababu kuna watu waliokataa kuchanganya.

Kampala nayo ina mfano wake wa kriketi. Tarehe 5 Juni 2024, huko Guyana, Uganda iliifunga Papua New Guinea kwa wiketi 3 na kupata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia la T20. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova 4, akaruhusu mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2. Wenzake ambao hawakurusha mpira siku ile hawakuruhusu mkimbio hata mmoja, na hakuna mwenye akili aliyesema walimshinda Nsubuga. Kitabu kimewaacha nje ya safu hiyo, na hivyo ndivyo walivyotendewa haki.

Kuna pia utupu ambao kosa lake si la mchezaji. Bill Russell alistaafu mwaka 1969 na Wilt Chamberlain akacheza msimu wake wa mwisho 1972–73. Wote wawili walizuia mitupo kwa namna ambayo waliowaona hawakuisahau, lakini NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973–74. Kwenye rekodi zao safu hiyo ni tupu. Mikono ilikuwepo, jicho rasmi halikuwepo.

Katibu siku hizi hunakili daftari kwenye jedwali la simu, na mashine ina mitego yake. Ukiomba wastani, programu kama Excel huruka kisanduku kitupu na huruka kistari, lakini huhesabu 0. Hapo ni sawa kabisa. Lakini ukiunganisha ukurasa mmoja na mwingine kwa fomula, kisanduku kilichokuwa kitupu hujitokeza upande wa pili kikiwa 0. Sifuri imezaliwa bila mzazi. Kistari husalia kistari, na kwa sababu hiyo mazoea yake ya kalamu yanamkinga hata asipojua fomula inafanya nini ndani.

Mbali kidogo na ukumbi kuna Kituo cha Afya cha Kisenyi, na huko kanuni hiyohiyo ni suala la uhai. Vituo vya afya vya Uganda hutuma kila wiki ripoti ya magonjwa ya hatari, na kituo kisichoona mgonjwa hutakiwa kuandika 0 na kutuma. Ukimya haukubaliwi kuwa sifuri. Ebola iliyotangazwa Septemba 2022 ilitangazwa kwisha Januari 11, 2023, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, na siku hizo zina thamani kwa kuwa katika kila moja kulikuwa na watu waliokuwa wakimtafuta mgonjwa wasimpate.

Msimu uliopita mvua ilijaza mfereji wa Nakivubo, maji yakaingia ukumbini na kurasa mbili za daftari zikalowa mpaka wino ukachanganyika. Wachezaji walijitolea kumkumbusha Katibu mabao yao, na kila mmoja alikumbuka mengi. Yeye akaweka alama mpya, h, ya halisomeki: mechi ilichezwa, mabao yalihesabiwa, rekodi imepotea. Alikubali kuandika tarakimu pale tu ambapo wapinzani wote wawili, wakiulizwa kila mmoja peke yake, walitaja matokeo yaleyale, na hata hizo aliziandika kwa penseli. Mechi zilizobaki na h hazikuingia kwenye wastani wa mtu yeyote. Juu ya jedwali la wafungaji la msimu ule ameandika idadi ya mechi zilizochezwa, na chini yake idadi ya zile zinazosomeka.