Kibao cha "Maua Yasiyohitaji Maji" Kinatuficha Nini?

Ukipita barabarani Dodoma utaviona vitalu: viriba vimepangwa kwenye vumbi, na juu yake kibao kimeandikwa "Maua yasiyohitaji maji". Agosti mwaka jana mama yangu alikiamini kibao kama hicho. Akanunua bogenvilea tatu, lantana mbili na waridi la jangwani (Adenium) moja. Kufika Novemba, bogenvilea zote zilikuwa kuni. Usicheke, huenda na wewe yamekukuta.

Tukitendee haki kibao kwanza. Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka kwa wastani, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kushauri watu wapande vichaka vinavyovumilia ukame ni ushauri mzuri. Tatizo ni maneno yenyewe.

Kosa la kwanza: hakuna mmea usiohitaji maji. Bogenvilea iliyokomaa inavumilia kwa sababu mizizi yake imeshashika ardhini, na hali ikiwa mbaya inapukutisha majani ili isipoteze maji. Ya kwenye kiriba ina mizizi inayoenea kwenye kiganja chako. Ukiipanda Agosti, miezi minne kabla ya mvua, halafu usiimwagilie, unaidai kitu ambacho bado haina.

Kosa la pili: kibao kinaweka mimea yote kapu moja, wakati kila mmoja una mbinu yake. Adenium huhifadhi maji kwenye shina lake nene, kwa hiyo ukiimwagilia kila siku inaoza. Mshubiri hufungua vitundu vya majani yake usiku, wakati hewa imepoa, na kuvifunga mchana. Hii miwili ipande pamoja, kwenye udongo usiotuamisha maji. Usiichanganye na maua yanayotaka maji kila jioni.

Kosa la tatu ndilo linaloniudhi zaidi: kibao kimenyamaza kuhusu madhara. Lantana inavumilia ukame kweli, na hapo ndipo balaa lilipo. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu, na huku kwetu imeshavamia malisho. Mbuzi au ng'ombe akiila, sumu yake huharibu ini. Adenium nayo ina utomvu wenye sumu. Wahadzabe huutumia kwenye mishale. Mwenye watoto wadogo anastahili kuambiwa hayo kabla hajatoa hela.

Kwa hiyo ukifika kitaluni, uliza maswali matatu. Huu mmea unatunza maji wapi: kwenye shina, majani au mizizi? Unahitaji kumwagiliwa muda gani mpaka ushike? Je, unaenea wenyewe au una sumu? Muuzaji akishindwa kujibu, nunua mmoja tu kwanza ukaujaribu.

Mama aling'oa lantana, maana jirani anafuga mbuzi. Desemba, mvua zilipoanza, alipanda bogenvilea moja, akaiwekea matandazo ya nyasi kavu. Kuanzia Mei aliipa dumu moja la maji kwa wiki, polepole, ili yazame. Sasa ni Septemba na imechanua. Wiki hii amepunguza: dumu moja kila wiki mbili.