Neno Lisilotosha Kwenye Kitufe

Wengi wetu tunaojifunza programu huanza kupanga fomu kwa vipimo: kitufe hiki pikseli 80, kile 100. Naupinga mtindo huo, na nakiri kwamba nami niliufuata.

Nilitengeneza kwa Python na Tkinter fomu ya kuandikisha kilo za kahawa, nikiwafikiria wakulima wa kwetu Nkungu, Rusizi. Kwa Kiingereza ilipendeza. Nilipoweka Kinyarwanda, "password" yenye herufi 8 ikawa "ijambo ry'ibanga", alama 16. Lebo nilikuwa nimeifunga kwa upana wa herufi 10, maneno yakakatwa. Kiswahili kilisalimika hapo, maana "nenosiri" nalo lina herufi 8. Lakini "Save" ilipogeuka "Hifadhi", kitufe nilichokipimia herufi 4 kikalimeza neno. "Delete" nayo ikawa "Futa", fupi zaidi. Hakuna kipimo kimoja kinachozifaa lugha zote.

Dawa ni kontena la mpangilio. Ndani ya "grid", wijeti isiyofungwa kwa kipimo hudai nafasi kulingana na maandishi yake, na safu wima hufuata ile iliyo pana kuliko zote. Hata hivyo, Tkinter yenyewe ina lawama. Dirisha likivutwa, safu hazipanuki, kwa sababu uzito wa kila safu ni 0 hadi mwandishi wa programu aubadilishe. Akiupa uzito, safu hupanuka lakini wijeti hubaki ndogo katikati yake, mpaka "sticky" iishikize mashariki na magharibi. Haya ni maamuzi mawili tofauti: nani apewe nafasi ya ziada, na nani aijaze. Asiyeelezwa hilo hudhani kontena limeshindwa, akarudi kwenye "place" na vipimo vyake.

Watakuwapo watakaosema fomu ya lugha moja yatosha. Rwanda ina lugha rasmi nne, na Kiswahili kimo tangu 2017. Mkulima akikuta neno limekatwa, atabahatisha, na kinachobahatishwa ni kilo zake.

Kwa hiyo napendekeza kwamba zoezi la kwanza la fomu darasani lisiwe kubadilisha rangi. Liwe kubadilisha lugha, kisha kulivuta dirisha. Fomu isiyostahimili mambo hayo mawili haijakamilika, hata kama inafanya kazi.